Nani Alichora Bango Hili?

Hotuba iliyotolewa kwenye ufunguzi wa maonyesho ya mabango ya muziki, Dodoma

Mbukwenyi!

Ahsanteni. Wazee wetu, mama zetu, viongozi wa mtaa mliotupa ukumbi huu, wanamuziki, vijana wa steshenari na mafundi maandishi wenzangu, karibuni sana. Najua wapo waliotoka kazini moja kwa moja, na wapo waliofunga meza sokoni mapema ili wawahi. Itifaki imezingatiwa, naomba niingie kwenye jambo lenyewe.

Nimepewa nafasi hii kwa sababu nimeandika vibao na mabango katika mji huu tangu enzi za brashi na kopo la rangi, hadi leo ambapo kazi karibu yote inafanyika kwenye kompyuta. Ninachotaka kusema ni hiki: mabango ya muziki yaliyobandikwa kwenye kuta za Dodoma ni kumbukumbu ya mji huu. Yaonyeshwe hapa hapa yalipobandikwa, na pembeni mwa kila moja lisomeke jina la mtu aliyelichora.

Nianze na hilo la kumbukumbu. Nyimbo za bendi zetu za dansi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na tunashukuru kwamba nyingi zipo mpaka leo. Lakini usiku wenyewe ambao bendi ilishuka Dodoma ikapiga mpaka majogoo haukurekodiwa na mtu. Gazeti la Dar halikutuma mwandishi. Mwenye ukumbi hakuweka daftari. Kilichobaki ni bango. Bango linasema nani alipiga, wapi, siku gani, kiingilio shilingi ngapi, nani alisindikiza, akina mama wanaingia kwa bei gani, na usafiri wa kurudi nyumbani upo au haupo. Ukilitupa bango lile, umefuta usiku mzima wa watu wa Dodoma.

Na mji huu una nyusiku nyingi za namna hiyo. Reli ya kati ilitufikia tangu enzi za Mjerumani. Bendi iliyokuwa inakwenda Tabora, Kigoma au Mwanza ilipita hapa, na mara nyingi ilishuka kupiga kabla ya kuendelea na safari. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, mikutano ikaongezeka, wageni wakaongezeka, na msimu wa Bunge ukawa msimu wa muziki. Watu wa rika langu wakisikia Club 84 au Royal Village hawahitaji maelezo. Uwanja wa Jamhuri tunaujua kwa mpira, lakini jukwaa limesimama pale mara nyingi na watu wamejaa. Kote huko, kabla ya ngoma kulia, kulikuwa na mtu amebeba ndoo ya uji wa ngano na brashi pana, anabandika.

Mabango yetu yana tabia moja inayomsumbua kila anayetaka kuyapanga kwa miaka: karibu yote hayana mwaka. Fundi aliandika "Jumamosi hii", au "Jumamosi tarehe 25 Desemba", kwa sababu msomaji wake alikuwa anapita njia wiki ile ile. Mwaka wa nini? Kwa hiyo kulisoma bango la zamani ni kazi ya upelelezi, na mimi naipenda kuliko kazi zote zilizofanyika kuandaa maonyesho haya. Chukueni mfano wa bango linalotangaza dansi la Krismasi siku ya Jumamosi, na chini kuna namba ya simu inayoanza na 0744. Krismasi iliangukia Jumamosi mwaka 1993, 1999, 2004 na 2010. Vodacom, wenye namba hiyo, walianza kazi nchini mwaka 2000, na katikati ya muongo ule namba za 0744 zikabadilishwa kuwa 0754. Basi bango hilo ni la mwaka 2004. Halina nafasi ya kuwa la mwaka mwingine.

Majina ya bendi nayo yanatusaidia. Bendi moja ya wafanyakazi ilianza ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Ukiona JUWATA kwenye bango, tayari unajua uko kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990. Kiingilio kilichoandikwa kwa makumi ya shilingi ni cha zamani kuliko kilichoandikwa kwa maelfu. Bango lenye neno "Manispaa ya Dodoma" lilichapwa kabla ya Aprili 2018, mwezi ambao mji wetu ulitangazwa kuwa jiji. Pale utakapokwama kabisa, muulize mama aliyekuwapo. Atakwambia hakumbuki mwaka, lakini anakumbuka alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, na mtoto yule ana cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana kando ya kila bango humu ndani tumeweka karatasi tupu na kalamu. Mkikumbuka lolote, andikeni. Kosa la herufi halitudhuru.

Sasa niseme kidogo jinsi yalivyotengenezwa, kwa sababu kijana aliyezaliwa na simu mkononi anaweza kudhani bango hutoka kwenye mashine likiwa limekamilika.

Wakati karatasi ilikuwa adimu tuliandika kwenye manila, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Ukiambiwa mabango thelathini, unakaa usiku kucha unaandika jina lile lile la bendi mara thelathini, na la mwisho lazima lifanane na la kwanza. Baadaye tukakata stensili, yaani herufi zilizotobolewa za kupitishia rangi. Picha ya eksirei iliyokwisha kazi ilikuwa mali kwetu, maana hailowi na haichaniki upesi. Bango la kutundikwa juu ya barabara liliandikwa kwenye kitambaa cheupe kilichotandazwa sakafuni, herufi zikipimwa kwa uzi na chaki. Rangi ilikuwa ya mafuta, ile ile ya milango na baiskeli.

Angalieni herufi za njano zenye kivuli cheusi. Zimejaa humu ndani, na sababu yake ni ya kazi. Njano juu ya nyeusi husomeka mbali na husomeka upesi, na msomaji wetu mkubwa alikuwa abiria kwenye basi linalopita, mwenye muda wa kusoma maneno matatu tu: nani, lini, wapi. Fundi mzuri alijua ni neno lipi lipewe nusu ya karatasi na ni lipi lisukumwe chini. Ukimwona mwenye bango analazimisha kila kitu kiwe kikubwa, ujue bango hilo halitasomwa na mtu. Hiyo ni elimu. Haikufundishwa darasani, ilipokezwa kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi wake aliyekuwa anaosha brashi.

Mji huu pia umekuwa na uchapaji kwa miaka mingi. Watu wa kanisa wanaijua Central Tanganyika Press, iliyotoa vitabu kutoka hapa hapa Dodoma. Na mabango ya kwaya na matamasha ya injili ni ukoo mkubwa katika mabango yetu, msiyapite haraka: nyuso zimekatwa vizuri kutoka kwenye picha, nyuma kuna mawingu na miale ya jua, sare za kwaya zinang'aa. Kuna watu hudhani hiyo siyo sanaa. Mimi nasema nendeni mkayaangalie kwa utulivu, muone jinsi fundi alivyoweka nyuso ishirini kwenye karatasi moja na hakuna mwanakwaya aliyefichwa.

Ndugu zangu, kwa nini nasisitiza maonyesho ya hapa? Kwa sababu miji mingine iliona thamani ya mabango yake ikiwa bado nayo mkononi. Paris ilianza kusimamisha nguzo za kubandikia matangazo ya maonyesho mwaka 1868, na nguzo za namna ile zipo mitaani mpaka leo. Katika mji ule Jules Chéret alichapa mabango ya rangi ya kumbi za muziki mpaka watu wakawa wanayabandua usiku kwenda kuyapamba nyumbani. Kule Nashville, Marekani, kuna karakana inaitwa Hatch Show Print, imeanza mwaka 1879. Inachapa mabango ya muziki kwa herufi za mbao na vibao vya kuchonga, na vibao vya zamani bado vinaingia kwenye mashine. Leo inamilikiwa na jumba la makumbusho la muziki wa kule, na mgeni akifika mjini huenda kuangalia mafundi wakichapa. Mabango yale hayakupelekwa mji mwingine ili yaheshimiwe. Yaliheshimiwa nyumbani kwanza.

Sisi tumezoea kinyume chake. Mzee wetu Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, aliifanya dunia nzima isikilize zeze na ilimba, ala za muziki za Wagogo. Santuri zake zilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, na mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ikatoa kazi ya kina mama wa ukoo wake, Pendo na Leah, wanaojiita The Zawose Queens. Picha zinazotangaza muziki huo zimesanifiwa na kuchapwa mbali. Mtoto wa Chamwino akitaka kuona bango zuri lenye ilimba, ataliona kwenye simu, limetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga vumbi la Dodoma. Siwalaumu waliolitengeneza, walifanya kazi nzuri. Nauliza tu: la kwetu liko wapi?

Hapo nina neno kwa vijana wasanifu, na nalisema kwa mapenzi. Tamasha kubwa la Bongo Fleva likizunguka mikoani, bango huwa moja nchi nzima, linabadilishwa jina la mji na tarehe. Hilo ni la mwenye tamasha, anataka afanane kila mahali. Lakini mnapopewa kazi ya hapa hapa, ya bendi ya hapa au ngoma ya hapa, kwa nini mnakwenda kwenye intaneti kuchukua picha ya gitaa la umeme lililopigwa picha nchi nyingine? Mna zeze lenye kibuyu chake. Mna ilimba yenye meno ya chuma. Mna kina mama wa muheme, uchezaji wa Kigogo, ngoma zimebanwa mapajani, mikono hewani, shanga shingoni. Mna nindo na msunyunho, michezo mingine ya Wagogo, watu wamejipanga mstari na miguu inainuka pamoja. Kila mwaka watu hukusanyika Chamwino kwa tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo. Nendeni na daftari la kuchorea. Mkirudi na michoro ya siku moja tu, mtakuwa na mtaji wa mabango ya miaka. Na rangi zetu zipo nje ya dirisha: udongo mwekundu, jiwe la kijivu la vilima vyetu, mbuyu wa kiangazi, kijani cha shamba la zabibu.

Mkoa wetu ni mkoa wa picha za ukutani tangu kale. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mgeni anaifuata Kolo, anapanda kilima, anaiona kwenye mwamba ule ule ilipochorwa. Majina ya waliochora pale hatutayajua kamwe. Ya waliochora mabango haya tunaweza kuyajua, kwa sababu wengi wao wako hai, na baadhi wamekaa mstari wa mbele humu ndani.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Katika mabango yaliyokusanywa, machache sana yana saini. Jina la promota lipo. Jina la ukumbi lipo. Jina la bia iliyodhamini lipo, tena kubwa. Jina la fundi halipo. Wengine tulikatazwa kusaini, tukaambiwa tunachafua tangazo la mtu. Wengine hatukufikiria, tulijiona vibarua wa rangi. Lakini Edward Saidi Tingatinga, aliyetumia rangi za aina ile ile tuliyotumia sisi, aliandika jina lake kwenye picha zake. Alichora miaka michache tu Dar es Salaam na akafariki mwaka 1972. Leo aina nzima ya uchoraji inaitwa kwa jina lake, duniani kote.

Sheria nayo iko upande wenu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa za kuchora, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, ipo kwa ajili ya wabunifu. Bango ulilolichora ni kazi yako ya ubunifu. Mkubaliane na mteja kwa maandishi, hata kama ni nusu ukurasa: analipia nini, atalitumia wapi, na jina lako litakaa kona gani. Nawaomba mapromota mliopo mkubali kona hiyo ndogo. Haipunguzi mtu hata mmoja mlangoni.

Nigusie utunzaji, kwa sababu mtaona mabango humu ndani yamekuwa ya bluu na mtadhani ndivyo yalivyochapwa. Sivyo. Bango lililochapwa kwa mashine ya offseti lina rangi nne, na juani njano na nyekundu huondoka kwanza, bluu na nyeusi hubaki. Jua la Dodoma halina huruma, mvua yetu ni ya miezi michache tu. Kwa hiyo bango lako la nyumbani lisikae mkabala na dirisha. Kwenye maonyesho ya karatasi kipimo kinachopendekezwa ni mwanga usiozidi laksi 50, ndiyo maana humu ndani pana giza kidogo; mtuwie radhi, macho yatazoea. Msiweke selotepu, gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi. Msilipeleke kulaminishwa, maana likishaingia plastiki halitoki. Lilazwe bapa, juu ya kabati, mbali na ardhi. Kila mtu hapa anajua mchwa wa Dodoma, sihitaji kueleza. Na ukiona bango la zamani bado limeng'ang'ania ukuta, usilibandue kwa kisu. Lipige picha kwanza, asubuhi au jioni, ukiwa umesimama mkabala nalo, kisha utuite.

Vijana, mabango yenu yako hatarini kuliko yetu. Letu lilikaa ukutani mpaka mvua. Lenu linawekwa WhatsApp kwenye status, na baada ya saa 24 halipo. Likisambazwa linapunguzwa ukubwa kila mara, mpaka namba ya simu haisomeki. Tunzeni faili la asili, la ukubwa kamili, katika sehemu mbili tofauti, na mwandike mwaka kwenye jina la faili. Mwaka, jamani! Na kila kazi mnayoichapa, chapeni nakala mbili za ziada: moja yenu, moja ya mkusanyiko huu.

Ninachoomba baada ya leo si jengo kubwa. Maonyesho haya yahame. Yaende Majengo, Chang'ombe, Makole. Yakae siku kadhaa Soko la Ndugai na stendi kuu, ambako watu wanasubiri na wana muda wa kusoma. Abiria wa treni ya SGR waliokuja tangu mwaka 2024 wanashuka mji wasioujua. Wakutane na mabango ya muziki wetu kabla hawajakutana na dereva wa bodaboda. Maktaba ya mkoa ipewe nakala za picha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, waje na vinasa sauti, wakae na mafundi wazee wakiwa bado na nguvu za kusimulia. Kiingilio kisiwepo. Kila yanapofika, apatikane mtu wa kupiga nyimbo za bendi zilizoandikwa ukutani, kwa sauti ya kiasi, ili watu waweze kuzungumza.

Kwa viongozi wa jiji ombi langu ni moja. Najua kuna sheria ndogo za matangazo na najua kuta za watu haziwezi kubandikwa ovyo. Basi tutengeeni mbao maalumu za mabango ya muziki, Nyerere Square pawe pa kwanza, ambapo bendi ya vijana isiyo na fedha ya kukodi bango la barabarani inaweza kubandika tangazo lake bila kukimbizwa. Ubao huo ukijaa, mtunzaji abandue kwa utaratibu, alaze bapa, aandike tarehe, alete kwetu. Kwa njia hiyo mkusanyiko utajikusanya wenyewe, wiki baada ya wiki.

Mezani karibu na mlango kuna kijana mwenye kamera na mwingine mwenye daftari. Aliyekuja na bango, kipeperushi, tiketi au picha ya ukumbi wa zamani apite pale. Litapigwa picha na atarudi nalo nyumbani leo leo. Kwa wale mnaofahamu fundi aliyekwisha kututoka, mwandikisheni jina lake na mtaa aliokuwa anafanyia kazi. Na ninyi mafundi mlioko mstari wa mbele, mabango yenu mnayajua kwa mkono, hamhitaji kuambiwa. Tumeweka kibandiko cheupe chini ya kila moja. Tangulieni ninyi, chukueni kalamu, muandike majina yenu, kisha sisi wengine tutafuata. Karibuni, tuanzie ukuta wa kushoto.